Bahasha Isiyo na Jina

Nilimkuta amekaa. Hilo peke yake lilinitia hofu, maana kwa miaka miwili niliyokuwa nikipanda treni kutoka Queensbury kwenda kiwanja cha Parliament Hill, hapa London, kumtazama Shaame akikimbia, sikuwahi kumwona amekaa. Atajinyoosha, atarukaruka, ataulalamikia upepo, lakini kukaa, hata siku moja. Jumatano ile ya mwezi wa Julai, mwaka 2003, alikuwa chini kwenye majani, viatu vya misumari kavivua, na mkononi ana karatasi.

"Kuna nini?" nikamuuliza. "Nani kafa?"

Hakucheka. Alinitazama kwa yale macho yake ambayo siku zote hunisahaulisha nilichotaka kusema, na siku ile yalikuwa mekundu. Akaninyooshea karatasi, nikaisoma nimesimama. Ilitoka chuo chake cha Marekani, kile ambacho tangu mwezi wa Machi tulikuwa tunakitaja asubuhi na jioni. Kwa adabu nyingi za kizungu ilisema kwamba skolashipu yake imesimamishwa, kwa sababu amepokea fedha kutoka kwa watu kwa ajili ya mbio zake.

Fedha hizo zilikuwa za mchango. Na mchango niliuanzisha mimi, Siham binti Mbarouk, kwa ulimi wangu na miguu yangu.

Naomba mnielewe kabla hamjanilaumu. Watu wakisikia skolashipu ya michezo hudhani mtu anabebwa mzima mzima, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Aliyetufungua macho ni kocha Evodius, mtu wa Bukoba, mchana nesi wa hospitali, jioni anafundisha vijana riadha bila kulipwa hata nauli. Alitueleza kuwa timu nzima ya riadha kule chuoni ina skolashipu kumi na mbili na kipande, na kocha wao huzikatakata wakagawana watu thelathini. Mwenye mbio kali hupata pande kubwa, na hilo pande lenyewe hutazamwa upya kila mwaka. Goti likikuharibikia, mwakani wanaweza kukuambia ahsante na kwaheri. Shaame, kwa zile mita mia nane zake, alipewa robo tatu. Robo iliyobaki, pamoja na bima na tiketi ya ndege, ajitafutie. Wenyeji wa kule wakiwa na wazazi maskini hujaza fomu, serikali yao ikawasaidia. Mgeni mlango huo hana, na hata viza hapewi mpaka aonyeshe kuwa robo ile ipo benki.

Nani wa kuijaza robo ile? Shaame hana baba wala mama. Alilelewa na mama yake mdogo, Bi Ummukulthum, mwanamke wa Pemba anayeogesha wazee wa kizungu kwenye nyumba moja ya wazee kule Harrow, na mgongo wake umeshachoka. Basi nikasema, sisi si watu? Mtu akioa tunachanga, akifa tunachanga, akipata safari tunachanga. Nikachapisha kadi zenye picha ya Shaame amevaa jezi, nikakodi ukumbi Queensbury, tukapika biriani, na watu arobaini na mmoja wakatoa walichojaaliwa. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiona nimemvusha bahari kwa mikono yangu.

"Nani kawaambia?" nikauliza. "Nani mwenye roho mbaya kiasi hicho?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Walileta fomu. Wakauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kunipa fedha kwa sababu ya michezo. Nikaandika ndiyo. Nikawaandikia idadi ya waliochanga na majina ya wote niliowajua, nikatia na kadi yenye picha."

"Kwa nini, Shaame?"

Akainamisha kichwa. "Niliona fahari. Nilitaka wajue kwamba sikutoka hewani. Kwamba nina watu."

Mie nikiudhika siujui mwisho wangu. Nilimwita mjinga, nikamwambia mtu mwenye akili fomu ya kizungu huijibu kwa kujihami, na kwamba nimevunja miguu kwenye milango ya watu kwa ajili ya mtu asiyejua kunyamaza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, taratibu, picha ya jezi nani aliichagua. Kama ningeweka ile ya shuleni, ya tai na shati jeupe, labda wangeona ni msaada wa masomo. Ile picha ya jezi niliichagua kwa sababu ndiyo niipendayo, na yeye alijua.

Nikakaa chini kando yake. Tukatazama watoto wa klabu wakiruka vihunzi, na mkono wake ukautafuta wangu kwenye majani.

Evodius akatukuta hivyo. Alikuwa ameshapiga simu Marekani kwa kadi yake mwenyewe ya simu, na alijua kila kitu. Alisema kule mwanamichezo wa chuo huhesabiwa kuwa wa ridhaa, asiyelipwa. Chuo kinaweza kumsomesha, mzazi au mlezi wake anaweza kumpa, lakini mtu mwingine akimpa fedha kwa sababu ya miguu yake basi keshalipwa. Haijalishi kama ni bibi kizee aliyetoa pauni tano.

"Lakini pametolewa njia," akasema. "Kila mtu arudishiwe chake, na kila mmoja asaini karatasi kwamba amepokea, jina na anuani. Zote ziwafikie Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana kwa saa zao. Zikipungua hata moja, nafasi inakwenda kwa kijana wa Jamaika anayesubiri."

Nikauliza robo itatoka wapi sasa. Evodius akasema Bi Ummukulthum atakopa benki kwa jina lake, kwa kuwa mlezi anaruhusiwa, na Shaame atafanya kazi kwenye jiko la chuo. Shaame alifumba macho aliposikia jina la mama yake mdogo na neno kukopa.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzunguka London kurudisha fedha. Sikuwahi kufikiria kwamba kazi ngumu kuliko kuomba ni kurudisha. Jaya, mwenye duka la viungo Queensbury, Mhindi wa Mwanza, alisaini akicheka na kutufungia sambusa. Lakini watu wetu wenyewe walitutesa. Bi mmoja wa Edgware Road aliturudishia bahasha mara tatu, anasema sadaka aliyoitoa kwa Mungu akiichukua tena ni kama amemtakia kijana mabaya, na yeye mabaya hamtakii. Ilibidi Shaame apige magoti kwenye zulia lake. Kule Croydon, mzee mmoja ambaye kesi yake ya makaratasi imekaa miaka mitano katika lile jengo kubwa la uhamiaji, alikataa kabisa kuandika jina. Jina lake na anuani yake zipelekwe Marekani, mwaka huu wa vita vya Iraki, zikafanye nini? Tulikaa kwake saa nne. Mwishowe alisaini, akatuomba tusimtaje kwa mtu.

Kwenye tramu ya kurudi, Shaame aliweka kichwa begani kwangu.

"Nikienda ni miaka minne," akasema.

"Najua."

"Utanisubiri?"

Nilimwambia asiulize maswali ya kijinga. Yeye alijua kwa nini anauliza. Mwezi wa Januari Bi Ummukulthum alikuja kwetu na wenzake wawili kuniposa, kwa heshima zote, na baba akawapa chai na keki na kuwaambia hana mtoto wa kuozesha kwa sasa. Walipotoka, aliniambia mimi kwamba mbio hata mwizi anakimbia, na kwamba kijana akiwa na miguu tu, ikichoka anabaki na nini? Tangu siku hiyo jina la Shaame halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Kufikia Jumatano ya wiki ya pili tulikuwa na karatasi arobaini. Ilibaki moja. Ilikuwa ya bahasha nyeupe tuliyoikuta mezani ukumbini siku ile kabla hata watu hawajaanza kuingia, ndani yake pauni mia mbili, noti mpya, na nje hakuna hata herufi. Siku ile tulifurahi sana. Tulisema huyu ni mcha Mungu kweli, katoa na hakutaka kujulikana. Sasa nilikuwa namlaani kila ninapopumua. Evodius aliwauliza chuoni kama fedha hizo zinaweza kupelekwa kwa mayatima. Wakasema hapana, zirudi kwa mwenyewe, na mwenyewe asaini. Tulipiga simu kila nyumba. Kila mtu alisema si yeye.

Na nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Ilipobaki ile moja, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Nililala nikiwaza kwamba hatapatikana huyo mtu, na Shaame atabaki, atapata kazi ghalani au kwenye ofisi, na Jumamosi nitapanda treni kumtazama akikimbia kama kawaida. Asubuhi nilipoamka na kukumbuka alivyopiga magoti kwenye zulia la yule bibi, nilijichukia.

Alhamisi baba alirudi mapema kutoka ofisini kwake Edgware Road, anakouza tiketi za Umra na kusafirisha mizigo ya watu kwenda Unguja. Nilimpakulia chakula, nikakaa mkabala naye, sikula. Tangu mama alipofariki tumebaki wawili, na hatujazoea kula kwa kununiana. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Akauliza tena, na hapo nikashindwa, nikamweleza yote, jina la Shaame likapita mezani petu mara ya kwanza tangu Januari. Nikamwambia kesho ndiyo mwisho na kuna bahasha moja haina mwenyewe. Nikamwomba awaulize wenzake wa msikitini, labda mmoja wao.

Baba alinawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Usiwasumbue watu," akasema. "Ni yangu."

Sikuelewa. Nilidhani anazungumzia sahani.

"Ile bahasha. Siku ile nilikuambia nakwenda kwa kinyozi. Nikapita ukumbini, mlango ulikuwa wazi na nyinyi mko jikoni, nikaiacha mezani."

Kwa muda mfupi, wallahi, niliona dunia yote imenyooka. Nikasema, "Baba, kumbe ulimchangia."

"Nilitaka aende, mwanangu."

Alilisema bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe alimwacha mama yangu Unguja kwa ahadi ya kumwoa baada ya mwaka mmoja, na ule mwaka ukawa saba. Mama akakataa wachumba wote, akasubiri. Walipokutana London wote wawili walikuwa watu wengine, na wakaishi pamoja muda mfupi kabla Mungu hajamchukua. Alisema hakuna siku inayopita bila yeye kuihesabu ile miaka saba.

"Kijana nikimfukuza atarudi," akasema. "Akienda kwa heshima, akapata dunia yake kule, hatarudi. Na wewe utakuwa hujazeeka dirishani."

"Angenioa kwanza. Ningekwenda naye."

"Kwa kipi? Robo tatu ya mtu mmoja?"

Hesabu ile nilishaifanya mwenyewe mara nyingi, chumba cha kitanda kimoja, tiketi ya chakula ya mtu mmoja, na kila mwaka kocha wa kizungu anatazama saa yake na kuamua kama watampa tena. Nilikwenda chumbani nikaleta karatasi, na zile noti, nikaviweka mbele yake pamoja na kalamu.

"Saini, baba. Nakuomba."

Akaishika kalamu. Hakuandika.

"Riyadh na mama yake wanafika Jumapili kutoka Muscat."

Riyadh ni mtoto wa binamu yake, mhandisi, mtu ambaye nimemwona mara mbili maishani na mara zote mbili alizungumzia magari. Walikuwa wanakuja London kila kiangazi. Mwaka huu nilijua wanakuja kuniposa, na nilikuwa nimeshapanga kushinda kwa Bi Ummukulthum siku nzima.

"Baba, usinifanyie hivi."

"Sikulazimishi kitu. Nakuuliza tu kama utakuwepo."

Nilimtazama baba yangu. Nilitaka kumchukia na sikuweza, kwa sababu ile miaka saba nilikuwa nimeiona usoni mwake. Nikautazama mstari mtupu chini ya karatasi. Nikamwona Shaame amekaa kwenye majani yale, mwaka huu, mwakani, mwaka unaofuata.

"Nitakuwepo," nikasema.

Akasaini upesi, jina kamili na la babu yake, na anuani yetu. Zile noti hakuzigusa mpaka nilipomkumbusha kwamba lazima azichukue, ndipo akazitia mfuko wa kanzu na kwenda kusali.

Ijumaa mchana tulikutana kwenye duka la simu na faksi Edgware Road. Evodius alikuja na sare yake ya hospitali. Shaame alikuwa hajanyoa, na nilipomwonyesha karatasi ya arobaini na moja hakuisoma kwanza, aliishika tu kifuani. Akaniuliza nimempata wapi. Nilikuwa nimeandaa uongo njia nzima kwenye treni, kwamba ni mtu wa msikitini, asimuulize. Lakini jina liko pale, nitalificha vipi? Nikamwambia soma.

Alisoma. Akasoma tena. Kisha uso wake ukafunguka, na mimi nikajua anachokwenda kusema, na sikuwa na njia ya kumzuia.

"Mzee Mbarouk?" akasema. "Siham, baba yako alinichangia?"

"Ndiyo."

"Mia mbili? Na hakutaka nijue?"

"Hakutaka ujue."

Akaufunika uso kwa viganja. Alipoufunua alikuwa analia na anacheka, mbele ya Waarabu wanaosubiri zamu ya simu, wala hajali. Alisema tangu Januari hakuna usiku aliolala vizuri akijua kwamba mzee anamwona si mtu. Alisema angeweza kushinda dunia nzima na lile lingembakia. Kumbe mzee kisirisiri alikuwa anamtazama kama mtoto wake. Evodius akampiga bega, akamwambia unaona, mdogo wangu, wakwe ndivyo walivyo, mdomo mkali, moyo laini.

Ningesema nini? Ningemwambia kweli, angeichana ile karatasi pale pale. Namjua. Asingekubali kupanda ndege kwa fedha za kufukuzwa, hata kama zimesharudishwa. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda na kule Marekani kulikuwa kumeshakucha.

"Nataka nije nimbusu mkono," akasema. "Jumapili. Nije Jumapili?"

"Jumapili ana wageni."

"Basi nitamwandikia kutoka kule. Nitamwandikia kila mwezi. Na mwaka wa kwanza nikimaliza, Mamdogo anakuja tena kwenu na wazee, na safari hii hatopewa keki peke yake." Akacheka. Alikuwa mzuri sana akicheka, na nilimtazama vizuri, meno, kovu dogo kwenye kidevu, ndevu zilizoota siku mbili. "Miaka minne si kitu, Siham. Akishakubali yeye, miaka minne si kitu kabisa."

Evodius akampa mwenye duka karatasi zote. Mashine ilizivuta moja baada ya nyingine, na ya baba ilikuwa ya mwisho. Tukasubiri. Ikatoka karatasi ndogo ya kuthibitisha kwamba zote zimefika.

"Imekwisha," Evodius akasema. "Kafunge mizigo."

Shaame akanishika mikono yote miwili, pale mbele ya watu.

"Mwambie baba yako ahsante," akasema. "Mwambie sitamsahau."

"Nitamwambia," nikasema.